Mama Uliona Anaiacha Kaunta

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi, ishirini na minane kati yake akiwa nyuma ya kaunta ileile, Sajini wetu wa zamu ya mchana anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kwenye faili ana namba na jina kamili. Mtaani na humu kituoni anaitwa Mama Uliona, na hata mkuu wa kituo humwita hivyo akisahau kwamba kuna wageni.

Jina hilo limetokana na kazi yake. Kila anayekuja kutoa taarifa huulizwa jambo moja kabla kalamu haijagusa kitabu cha matukio: uliona au uliambiwa? Ukisema uliona, anaandika "ameona" na kukuuliza ulikuwa umesimama wapi. Ukisema uliambiwa, anaandika "ameambiwa" na anataka kujua na nani. Akimaliza anakusomea kwa sauti yote uliyosema, ndipo uweke sahihi. Watu wenye haraka zao hawaupendi utaratibu huu. Nilikuwa mmoja wao, na mkuu wa kituo aliponipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu, nadhani alijua anachofanya.

Alianza kazi akiwa mpiga chapa katika ofisi ya upelelezi. Mwaka wa nne akaletwa kaunta, mahali ambapo askari wengi hupaona kama adhabu, maana unashinda ukisikiliza ugomvi wa wapangaji, kuku waliopotea na waume waliohama na godoro. Yeye alipapenda. Anasema upelelezi unaletewa kesi ikiwa imeshachemshwa, kaunta inaipata mbichi.

Kalamu ya kaunta ameifunga kwa kamba ya kiatu kwenye msumari, kwa sababu, kwa maneno yake, hakuna mahali kalamu zinaibwa kama kituo cha polisi. Kabla ya kamba hiyo zilipotea nyingi, na mbili alizikuta kwenye mfuko wa shati la mkaguzi aliyetoka makao makuu. Alipiga saluti safi, akaziomba mbele ya watu, akapewa.

Redio yake ndogo hukaa juu ya kabati la majalada, na taarifa ya habari ya saa saba mchana haimpiti. Hasikilizi kama sisi wengine. Anabishana nayo. Msomaji akisema "inadaiwa", yeye huiuliza redio, "Na nani?" Akisema "wananchi wenye hasira", yeye hujibu kwamba hasira si ushahidi. Mgeni akiingia wakati huo hudhani kuna mtuhumiwa mkaidi tumemfungia ndani ya kabati.

Tumecheka sana juu ya redio hiyo. Mimi niliacha kucheka Jumatano moja, miaka sita iliyopita, nikiwa na miezi minane tu kazini na buti bado zinanibana.

Siku hiyo, saa saba na dakika arobaini, mama mmoja aliingia akiwa bado na aproni ya kazini. Binti yake wa miaka mitano alikuwa hajaonekana tangu shule ya awali ilipofungwa saa sita. Alitueleza sura yake, kimo chake, gauni la shule na viatu vyekundu. Sajini alikuwa anaandika. Nilisikia akianza kumwuliza yule mama swali lake la siku zote, nami sikusubiri jibu. Nilikuwa nimeshapata nilichokitaka. Niliruka kwenye gari la doria na mwenzangu mmoja, kichwani nikiwa na viatu vyekundu tu.

Kiatu nilikikuta haraka. Kilikuwa kwenye kibanda cha fundi viatu, hatua mia mbili hivi kutoka shuleni, kimoja, chekundu, cha mtoto, kimekatika mkanda. Fundi alisema kimeletwa na bibi mmoja ambaye hamjui jina. Nilimjibu kwamba kila mwizi ana bibi yake, nikamfunga pingu mbele ya wateja. Ndani ya gari nilitoa simu nikaandika kwenye kundi la ulinzi wa mtaa, lenye watu zaidi ya mia tatu: "Mwizi wa mtoto tumemkamata. Yuko kituoni." Sikuandika kwamba anahojiwa wala kwamba anashukiwa. Nilitaka watu wajue kuna konstebo mpya anayechapa kazi.

Saa tisa kasorobo redio ya mtaa ilikuwa imeshaisoma habari hiyo. Saa tisa na dakika chache geti letu lilikuwa limezungukwa. Wengine walipitia kwanza kwenye kibanda cha fundi, wakakibomoa, wakaja na mbao zake mikononi. Niliona mwanamume mmoja akivingirisha tairi bovu, na hakuna askari asiyejua tairi lina kazi gani siku kama hiyo. Sisi tulikuwa sita. Gari lililotuleta lilikuwa limeitwa kwenye ajali upande wa pili wa mji.

Mahabusu yetu iko nyuma ya kaunta, na katikati pana mlango mmoja tu. Fundi, mtu wa miaka hamsini na kitu, alikuwa amekaa sakafuni amekumbatia magoti, na kila neno la nje alikuwa analisikia. Hakulia wala hakuapa. Kila askari aliyepita alimwuliza jambo moja tu, kama geti lina komeo. Nilipita mara mbili, na mara zote mbili sikumjibu.

Mkuu wa kituo aliagiza gesi ya machozi iandaliwe. Tulijua sote kwamba gesi ingetupa dakika tano, na baada ya hapo watu wangerudi wakiwa wengi na wabaya zaidi. Ndipo Sajini akafungua ile kamba kwenye msumari, akachukua kalamu na kitabu.

"Mkuu, hawa wamekuja kituo cha polisi," alisema. "Tuwapokee kama watu waliokuja kituoni."

Aliomba dakika kumi. Tulimtolea meza barazani, kati ya mlango na geti, na mimi nikaambiwa nisimame nyuma yake na ngao. Jiwe la kwanza liligonga ukuta juu ya vichwa vyetu na plasta ikamdondokea begani. Alijipangusa, akaangalia saa, akaandika muda. Kisha akaagiza mlango mdogo wa geti ufunguliwe, nafasi ya mtu mmoja. Ngao yangu ilikuwa inagonga ukingo wa kiti cha Sajini.

"Taarifa zinaandikwa hapa," aliwaambia. "Mwenye taarifa ya mtoto aje. Mmoja mmoja, na majina yenu."

Wa kwanza kuingia alikuwa mwenye duka la vipuri, maana ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote. Aliingia kifua mbele.

"Uliona au uliambiwa?"

"Mama, kila mtu anajua."

"Kila mtu hana sahihi. Wewe unayo. Ulimwona huyu fundi akimchukua mtoto?"

Alisema hakuona, aliisoma kwenye simu. Sajini akaandika, akasimama, akamsomea kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara: mwenye duka la vipuri hakuona, ameambiwa na kundi la simu. Akamgeuzia kitabu. Yule bwana aliitazama kalamu muda mrefu. Aliweka sahihi, akatoka nje kifua kikiwa kimeshuka.

Wa pili alisikia redioni. Wa tatu aliambiwa na shemeji yake, na shemeji alikuwepo, akaitwa, naye akasema ni simu. Mwanamke mmoja aliapa kwamba ameona kwa macho yake, na alipoulizwa alikuwa amesimama wapi akasema alikuwa saluni, akaonyeshwa picha ya fundi amefungwa pingu. Kila mmoja alisomewa. Dakika kumi zilipita, zikawa ishirini, na mkuu wa kituo hakutoa amri. Kelele ilipungua, kwa sababu mtu hawezi kupiga kelele na huku anataka kusikia jirani yake kaandikwa nini. Lakini mbao zilikuwa bado mikononi, na tairi lilikuwa bado pale getini.

Mtu wa kumi na saba alikuwa msimamizi wa kundi la simu lenyewe. Aliulizwa nani aliyeleta habari ile, akanyoosha kidole juu ya bega la Sajini. Alikuwa ananionyesha mimi.

Sajini hakugeuka mara moja. Aliandika namba kumi na nane, kisha akaniambia niweke ngao chini nije mbele ya meza kama wengine. Watu karibu mia mbili walikuwa wananitazama.

"Uliona au uliambiwa, konstebo?"

"Niliona kiatu, afande."

"Uliona kiatu. Ulimwona mtu huyu na mtoto?"

"Hapana, afande."

"Mama wa mtoto aliniambia alitoka nyumbani alfajiri, mtoto amelala. Viatu alivyovaa leo hakuviona, alikisia tu. Nilimsomea, akaweka sahihi. Wewe ulikuwepo?"

Nilisema sikuwepo, nilishaondoka. Aliyaandika yote. Akasimama tena na kunisomea, bila kupunguza wala kuongeza: konstebo wa kituo hiki ameona kiatu kimoja chekundu cha mtoto, kimekatika mkanda, kwa fundi viatu, hakuona kitu kingine, na habari ya mwizi wa mtoto ameitoa yeye. Sijawahi kuona aibu kama ile, na sikuwa na pa kuiweka.

Ilikuwa bado kimya pale sauti ya mwanamke mtu mzima iliposikika kutoka nyuma kabisa ya watu, ikiuliza kiatu gani. Walimpisha. Alikuwa bibi wa mtoto, mzaa baba, ametoka kuzunguka hospitali na nyumba za ndugu, na hakuwa na simu. Watu walikuwa wamemwambia mwizi kakamatwa. Habari ya kiatu hakuna aliyemwambia.

"Hicho nilikipeleka mimi kwa fundi jana," alisema. "Leo mtoto nimemvalisha ndala."

Basi. Mwenye tairi alilisogeza mpaka ukutani taratibu, kama mtu aliyegundua kwamba amebeba mzigo wa mwenzake. Fundi alikuwa amepona, lakini mtoto alikuwa bado hajulikani alipo, na mama yake alikuwa amesimama mlangoni anamtazama Sajini.

"Ndala za rangi gani?" Sajini alimwuliza bibi.

"Za bluu."

Aliwageukia wale waliokuja kuua, akawagawa kwa mitaa. Aliwaambia wana miguu mia nne, waitumie, na waliobeba mbao waziache hapo kwa mwenyewe. Walikwenda. Saa kumi na moja na robo mwenye duka la vipuri alirudi mbio, jasho likimtoka, amembeba mtoto mgongoni. Aliona ndala za bluu kwenye kizingiti cha nyumba moja nyuma ya soko. Mtoto alikuwa amemfuata mwenzake wa darasani kwenda kuangalia paka aliyezaa, wakalala humohumo chumbani na vitoto vya paka. Mama yake alimpokea, akakaa naye palepale chini barazani, na hakuna aliyewaharakisha. Sajini alifungua ukurasa mpya.

"Uliona au uliambiwa?" alimwuliza mwenye duka.

"Nimeona, Mama," alisema, na safari hii kalamu aliishika bila kuambiwa.

Jioni ile nilisubiri matusi. Badala yake alinipeleka kwenye chumba cha majalada, akatoa kitabu cha zamani, akafungua ukurasa wa 212. Mwandiko ulikuwa wake, wa mwaka wake wa kwanza kaunta. Aliandika kwamba mchukuzi fulani wa sokoni ameiba baiskeli. Mwenye baiskeli aliambiwa hivyo na jirani, naye Sajini hakumwuliza. Mchukuzi alikaa ndani siku kumi na moja, mpaka baiskeli ilipokutwa mahali mwenyewe alipoisahau. Alipotoka hakuwa na kazi, na mke alikuwa amesharudi kwao. Sajini alimtafuta miaka mingi amwombe radhi, asimpate. Aliniambia wangu mimi nimempata akiwa hai na yuko chumba cha pili, niende.

Nilikwenda. Adhabu ya kikazi niliipata baadaye, na niliistahili. Kibanda kilijengwa upya, na mwenye duka la vipuri ndiye aliyepigilia bati. Baadhi ya waliokibomoa hawakuonekana hata siku moja. Viatu vyangu vya kazi nampelekea fundi mpaka leo. Hajawahi kunikaripia, ila kila ninapofika hukitazama kwanza kiuno changu, mahali pingu zinapokaa, ndipo anisalimie. Hilo sijui nilifanyie nini.

Mafanikio mengine ya Sajini ni mengi na yapo kwenye faili: nishani mbili, barua ya pongezi, na askari wapya arobaini na watatu waliopita mikononi mwake wakifundishwa kusoma taarifa kwa sauti. Mume wake, fundi cherehani, anasema nyumbani naye huulizwa swali lilelile akirudi na umbea, na kwamba baada ya Juni itabidi aombe wakili. Watoto wao watatu wanasema wamezoea.

Kuanzia tarehe 1 Julai nitakaa mimi kwenye kaunta. Sikuomba. Yeye ndiye aliyenipendekeza, na nilipomwuliza kwa nini mimi, alisema anayejua bei ya kosa halirudii ovyo. Kamba ya kiatu anaiacha kwenye msumari, redio anaondoka nayo.

Mama, kituo kizima kinakushukuru, na mtaa pia, pamoja na wale wasiojua ulichowaepusha nacho. Nenda ukapumzike, ule na mume wako mchana bila kengele ya kaunta, ubishane na habari mpaka uchoke. Tunakuombea afya na maisha marefu yenye amani.

Rasimu ya wasifu huu nilimsomea kwa sauti, kama inavyotakiwa. Alinisahihisha mahali pamoja: nilikuwa nimeandika watu mia tano, akaniuliza kama niliwahesabu. Mengine aliyakubali. Ya Jumatano ile niliyaona mwenyewe. Ya kalamu za mkaguzi na ya mchukuzi wa ukurasa wa 212 niliambiwa. Aliyeniambia ni Sajini wa kaunta, naye aliona.