Mama Happy, Kikatio Kidogo na Waya wa Lakiri

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuinamia matumbo ya mizani, Bi. Veneranda Kihwele, ambaye hapa karakanani tunamwita Mama Happy, anastaafu kwa hiari tarehe 30 Juni 2025. Ana miaka hamsini na saba, na angeweza kukaa mitatu zaidi. Mimi, Nasri Alawi, fundi wa meza ya pili, nimeombwa niandike wasifu mchangamfu kwa ajili ya jarida letu. Nimeanza mara nne na kuchana karatasi mara nne. Kwa kweli sijui nishike lipi niache lipi.

Basi nianze na yanayojulikana. Alizaliwa karibu na Mafinga, akasomea ufundi Iringa, akaajiriwa na Karakana ya Mizani Nyanda hapa Mbeya mwaka 1994, enzi za mizani za mawe. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufuata mizani za mpunga Madibira, na alikuwa akirudi na vumbi mpaka kwenye kope. Zilipoingia mizani za umeme, mafundi wengi wa rika lake walizikimbia. Yeye alizifungua. Ndani alikuta nyaya nne nyembamba kama nywele, ambazo ukikata mmoja vibaya, mizani itamdanganya mchimbaji wa Chunya kuhusu dhahabu yake. Na mchimbaji wa Chunya akidanganywa haandiki barua, anakuja mwenyewe.

Kila tulipohitaji plaizi ndogo za kukatia nyaya hizo, zile tunazoziita vikatio, aliyetumwa dukani ni Mama Happy. Mwenye duka akimwona tu, alianza kujikuna kichwa. Mama alifunga makali akayainua kwenye mwanga wa mlango. Mwanga ukipenya, anarudisha. Alikata waya mmoja wa shaba akapitisha kidole kwenye ncha, ikikwaruza, anarudisha. Alibana na kuachia mara ishirini, aone kama springi inachoka au kiganja ndicho kinachoumia. Mwisho aliuliza kinakata waya wa unene gani. Muuzaji akijibu kwamba kinakata kila kitu, Mama Happy alishukuru kwa heshima akaenda duka la pili.

Mezani napo alikuwa na masharti yake. Betri itoke kwanza. Miwani iwe usoni. Upande bapa wa makali uelekee kazi, kipande kinachokatwa kielekee chini, na kidole cha mkono wa pili kikizuie kisiruke. Halafu kikatio cha nyaya za shaba kisiguse chuma kabisa. Fundi Gerson wa meza ya tatu aliwahi kukatia kucha kwa kikatio hicho, akakosa chai wiki nzima. Mpaka leo anauliza ni nani aliyetoa amri ile, na sisi tunamwambia hatujui.

Sasa nafika pale ambapo karatasi nne zimechanika.

Kila mizani inayofika hapa imefungwa lakiri, yaani muhuri wa kidonge cha risasi kilichopitishiwa waya wa chuma uliosokotwa. Waya ule hukatwa kwa plaizi kubwa inayoning'inia karibu na mlango. Asubuhi moja ya Juni 2019 plaizi kubwa haikuwepo, na mteja alikuwa amenisimamia kichwani akisema gari la Chunya linamwacha. Nikachukua kikatio kidogo cha Mama Happy. Lakiri ilikatika, ila nilisikia makali yakilia. Nilipotazama niliona pengo. Nikakirudisha mezani kwake, nikanyamaza.

Alasiri Mama Happy alikuwa anapunguza nyaya za shaba. Mnajua baridi ya Juni ya hapa. Mvuke wa chai ulikuwa umeziba miwani yake, akaipandisha kwenye paji la uso. Kikatio kilitafuna waya badala ya kuukata. Akabana tena, kwa nguvu. Kipande kikaruka kikamwingia jicho la kushoto.

Alirudi kazini baada ya wiki tano, jicho lile likiona ukungu tu. Akasimama mbele yetu sote akasema kosa ni lake, miwani ilikuwa pajini, na anayetaka kujifunza ajifunze kwake. Tulimpigia makofi. Nami nilipiga, Mungu anisamehe.

Tangu siku hiyo kichwa changu hakijatulia. Je, aliumizwa na pengo langu au na miwani yake? Hata kikatio kizima hurusha kipande usipokizuia. Kwa miaka sita nimeisikiliza kesi hiyo mimi mwenyewe: asubuhi najiachia huru, jioni najifunga. Na sasa anaondoka kabla ya wakati. Ukimuuliza, anasema miche yake ya parachichi imeshashika kule Mafinga na haisubiri mtu. Dada Esnath wa stoo anasema ni jicho. Meneja anasema ni vyote viwili. Mimi sielewi, na nilikuwa naogopa kuelewa.

Wiki iliyopita alinikabidhi kabati. Kila kifaa chetu kina kadi inayoeleza kilinunuliwa lini na kimepatwa na nini. Ndani ya kopo la maziwa ya unga, kimefungwa kitambaa, nilikuta kikatio kile ambacho nilidhani kilitupwa zamani. Kwenye kadi, kwa mwandiko wake uliosimama wima, kulikuwa na maneno haya: kimeumwa na waya wa lakiri, asubuhi, 11/6/2019, Nasri.

Yeye alikuwa pembeni yangu anapanga vibano. Akaniuliza kama nimemaliza kusoma, maana rafu ya chini bado. Nikasema nimemaliza. Akasema basi nitie sahihi. Nikatia.

Kesho yake nilimfuata nikamuuliza kwa nini alijitwika kosa peke yake. Akanijibu bila kuacha kazi kwamba lakiri iliyokatwa aliiona mezani kwangu siku ile ile, na pengo aliliona kabla hajakata, akaona uvivu kuinuka kufuata kingine. Sijui kama ni kweli au ameamua kunipunguzia mzigo. Nimemtazama usoni, na kwa uso ule huwezi kujua. Ninachojua ni kwamba siku ile alipokiri mbele yetu palikosekana mtu wa pili, na mtu huyo alikuwa amekaa kiti cha nyuma anapiga makofi.

Ijumaa ya tarehe 27, kwenye hafla ya kumuaga, wasifu huu nitausoma mwenyewe. Mama Happy, kwa niaba ya karakana nzima nakushukuru kwa kila mizani iliyosema ukweli kwa sababu ya mikono yako. Tunakuombea afya, mvua za kutosha huko Mafinga, na siku zisizo na haraka. Haya ni ya karakana. Langu mimi ni moja: lakiri ile niliikata mimi, pengo nililiona, na nilinyamaza. Naomba unisamehe, mama, mbele ya watu walewale.