Wagdi Kala kwa Vijiti

Jumatano ile, siku ya pili baada ya Sham el-Nessim, sikukuu ya kukaribisha machipuko, kahawa ya kijiweni Shubra ilikuwa chungu, na Shawqi kinyozi, aliyebandikwa jina la Wembe, alikuwa mchungu zaidi. Miaka ishirini na sita, kila sikukuu hiyo, amekula fesikhi, yule samaki wa chumvi anayenukia mtaa mzima, juu ya paa la rafiki yake Wagdi. Mwaka huu kapanda ngazi na samaki wake mkononi, kakuta mlango umefungwa. Kumbe mwenzake yuko Zamalek, mtaa wa matajiri, na mkwewe, mume wa binti yake, kwenye mgahawa wa Kichina. Shawqi aliona wivu, wala hakuuficha.

Mahrous, maarufu Redio, aliapa kamwona kupitia kioo cha mgahawa.

— Kashika vijiti viwili, anavua tambi bakulini. Anacheka na mkwe.

— Anacheka? — Shawqi akauliza.

— Meno yote nje.

Fikry, aliyejiita Wakili na mahakama hajawahi kuikanyaga, akasema haraka haraka haina baraka, ndiyo maana matajiri hula kwa vijiti. Kwa hesabu zake, mkwe anamfundisha mzee Kichina ili wafungue duka la bata. Redio hakukubali kushindwa: paa limeshauzwa, linajengwa ghorofa sita zenye lifti, na kwenye saluni ya Shawqi litawekwa tangi la kaa.

— Na auze, — Shawqi akasema. — Mimi namnyoa tangu ana nywele. Leo tambi za mkwe zimekuwa tamu kuliko mimi?

Ramzi, fundi cherehani aliyehamia mtaani wiki iliyopita, alikuwa pembeni na kikombe chake. Akainua kichwa.

— Samahani, wakubwa zangu. Huyo samaki, miaka yote hiyo, nani alikuwa akimsafisha na kumwandaa?

Wakili akachungulia kahawa yake. Wote walimjua: Ihsan, mke wa Wagdi. Jeneza lake walilibeba wenyewe mwezi wa kwanza mwaka huu, Shawqi akiwa mbele. Tangu siku ile hajamwuliza Wagdi sikukuu ataila wapi, wala na nani. Yeye alinunua samaki tu, akapanda ngazi.

— Nani? — fundi akarudia kwa adabu, akidhani hawakumsikia.