Mama Povu na Kikopo Kilichobonyea

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kumsindikiza, familia imempa mdogo wake wa pekee kazi ya kuisoma historia hii, naye anaomba mumvumilie, kwa kuwa yamo maneno ambayo hata watu wa nyumbani watayasikia leo kwa mara ya kwanza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961, wa kwanza kati ya watoto wawili, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha mafuta ya kula, ambako baba alikuwa mlinzi wa geti na mama akifagia ofisi, akaanza shule ya msingi Januari 1969 na kuimaliza Novemba 1975, akifaulu hesabu na kuanguka karibu kila somo jingine, jambo alilolisimulia kwa kujisifu, na mwaka 1977 akapata mafunzo ya miezi tisa ya usafi na ufuaji, yaliyompa kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali kuanzia tarehe 2 Mei 1978.

Aliolewa Jumamosi, tarehe 3 Desemba 1983, na fundi bomba aliyekuja kuziba bomba la chumba hicho na kulirudia mara nne ndani ya mwezi mmoja, ingawa wenzake waliapa kwamba bomba lenyewe lilipona siku ya kwanza, wakajaliwa binti tarehe 19 Februari 1985, na mtoto wa kiume tarehe 7 Julai 1988, aliyeishi siku kumi na moja, ambaye marehemu alimhesabu kila alipoulizwa ana watoto wangapi. Mumewe alitangulia tarehe 22 Oktoba 2011.

Tarehe 30 Juni 1994 hospitali ilipunguza wafanyakazi, naye akarudi nyumbani na barua mkononi, akapiga moyo konde, akaanza kutengeneza sabuni ya kufulia katika kibaraza cha nyuma, akiwa na ndoo ya mafuta, kasha la mbao la kumiminia, na kikopo cha bati cha kupimia kostiki, ile dawa kali inayoyageuza mafuta kuwa sabuni. Wiki ya kwanza kikopo kilimponyoka, kikabonyea kitako kwa ndani, mumewe akataka kukigonga kinyooke, yeye akakataa katakata, akahangaika nacho miezi mitatu, sabuni moja ikitoka teketeke, nyingine ikiwasha, mpaka akapata kipimo chake, ndoo moja ya mafuta kwa vikopo vitatu, na kuanzia hapo watu wakamwita Mama Povu, jina lililomshika kuliko lile la kwenye cheti.

Mwaka 1999 alipanga chumba chenye madirisha mawili na bomba la nje, akaajiri wanawake watatu, baadaye binti yake akawa wa nne, na karakana hiyo ndiyo imelisha nyumba tano hadi mwaka huu. Kila Jumatano mchana aliwapokea waliokuwa wanaanza biashara, msusi, muuza vitafunwa, fundi viatu, akiwakalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiwaambia bila kuwapaka mafuta kwamba wachague kitu kimoja wakifanye vizuri kabla ya kuongeza cha pili, kwamba mlango ufunguliwe saa ileile hata mvua ikinyesha, kwamba mteja anayekuja kulalamika apewe kiti kwa sababu bado anawataka, na yule anayeondoka kimya ndiye wa kuogopwa, na kwamba asifungue duka la pili mtu ambaye hawezi kuliacha la kwanza kwa wiki nzima. Zaidi ya yote aliwasisitizia wasibaki na kazi kichwani, waiandike ukutani kwa herufi kubwa, msaidizi mwenye mikono iliyolowa aweze kuisoma.

Naye alitenda alichokisema, kwani ukutani aliandika kwa rangi nyeusi, NDOO MOJA, VIKOPO VITATU, KOROGA MPAKA MKONO UCHOKE, ACHA SIKU ISHIRINI NA NANE, na Agosti 2019 akaenda kwa mdogo wake kwa wiki nzima kujipima, akarudi akakuta kila kitu sawasawa, akafurahi kupita kiasi. Hakuna aliyewaza kwamba ukuta ulitaja vikopo vitatu bila kusema ni kikopo gani.

Jumatatu, tarehe 3 Machi 2025, saa mbili asubuhi, alipatwa na kiharusi akiwa anakata sabuni, upande wa kulia ukafa na kauli ikapotea, akalazwa mpaka tarehe 28 Machi. Wakati huo mdogo wake, aliyestaafu ukarani na mwenye ugonjwa wa kupanga vitu vya watu, alikwenda karakana tarehe 15 Machi kuwasaidia, akapaka kuta chokaa akiyaruka yale maandishi kwa heshima, akapanga rafu, akaona kikopo cha bati kikuukuu kilichobonyea, akanunua kipya cha plastiki chenye kimo kilekile, cha zamani akakitia kwenye mfuko wa takataka. Wafanyakazi walipokiulizia alisema hakukiona.

Kikopo kile kilichobonyea kilikuwa kinabeba kidogo kuliko kilivyoonekana, na kipya kilibeba zaidi, kwa hiyo sabuni iliyomiminwa tarehe 18 Machi na kuuzwa kuanzia tarehe 15 Aprili iliunguza. Dobi, aliyefanya naye kazi hospitalini na kununua kwake miaka thelathini, alichubuka mikono yote miwili, akaja nyumbani kwa hasira akisema mikono hiyo ndiyo ofisi yake, lakini alipomkuta kitandani alimwonyesha tu viganja. Marehemu aliviangalia, akalia kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake. Wateja waliondoka, wengi kimya, kama alivyosema, wanawake wawili wakarudishwa nyumbani, na wapo waliotangaza mtaani kwamba Mama Povu alijua anachouza.

Jumapili, tarehe 11 Mei, alionyesha kwa mkono wa kushoto mpaka binti yake akaelewa na kumletea kikopo cha kupimia, akakigeuza, akapapasa kitako kwa kidole gumba akiutafuta ule mbonyeo, hakuupata, akainua macho akamtazama mdogo wake aliyekuwa amesimama mlangoni, akamtazama kwa muda mrefu, na mdogo wake akasema huenda kilipotea wakati wa kupaka chokaa. Binti alileta chumvi, marehemu akaitia kikoponi polepole, akaishia upana wa kidole chini ya ukingo, wakaimwaga, akarudia mara ya pili na ya tatu, na mara zote aliishia palepale. Binti alichora alama hapo kwa msumari, na kesho yake wakamimina sabuni ndoo moja.

Hali ilibadilika tarehe 1 Juni, akafariki Alhamisi, tarehe 5 Juni 2025, saa kumi na moja jioni, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, siku nne kabla ya sabuni hiyo kuiva.

Anayesoma historia hii ndiye aliyekitupa kikopo, na ndiye aliyedanganya, akamwacha dada yake asingiziwe akiwa hana ulimi wa kujitetea. Marehemu alijua, akaondoka bila kuambiwa ukweli.

Leo ni siku ya ishirini na nane tangu sabuni ile ya alama imiminwe, na alfajiri mdogo wake alinawa kwa sabuni hiyo mpaka viwikoni, kisha dobi akanawa kwa hiari yake, mikono yake ikiwa haijapona vizuri, na hadi tunapokutana hapa hakuna aliyewashwa. Vipande viko penye bomba la nje, na atakayewashwa aje aseme, atapewa kiti.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomgeuza kitandani bila kuchoka, majirani walioteka maji na kukesha nasi, wenzake wa chumba cha kufulia, wanawake wa karakana wanaorudi kazini kesho, na dobi, aliyekuja leo.

Dada, kipimo cha alama ya msumari sasa kimeandikwa ukutani, chini ya maneno yako, na mdogo wako ameyasema mbele ya watu yale aliyopaswa kukuambia wewe. Pumzika kwa amani.