Kumgawa Mzee Ndimi

Usiku, mtaa umeshalala, kicheko kilikuja kikagonga dirisha la Bi Birika, kicheko cha ukumbi mzima, naye akaketi kitandani, mtoto kifuani, akisikiliza kama mtu anayesomewa hukumu. Alijua waigizaji wamefika wapi: pale Mzee Ndimi anapobishana na nafsi yake mpaka anajinyang'anya kikombe. Kikaja kicheko kingine, halafu kimya, halafu kiti kikaanguka na mlango wa chuma wa ukumbi ukabamizwa, na tangu hapo usingizi ukamuaga kwaheri, kwa sababu mchezo ule ameutunga yeye, na hakuna anayejua ila kiongozi wa kikundi cha maigizo, na maneno yote ya mchezo ameyaokota pale anapouza kahawa, kwenye benchi lililoegemea ukuta wa karakana ya kuchomelea vyuma. Asubuhi akamfunga mtoto mgongoni, akabeba birika na jiko, akaenda, maana kutokwenda nako ni kujitaja. Aliwakuta wateja wake wote wamefika, mapema kuliko siku zote, na hakuna aliyeitikia shikamoo yake.

– Wizi! – alikuwa akifoka Mshindo, mwenye karakana, fundi ambaye nyusi zake ziliungua zamani na hazikurudi, miwani myeusi kaipandisha kwenye paji la uso. – Wizi wa mchana kweupe!

– Wa usiku, – akasema Hakimu.

– Nini?

– Onyesho lilikuwa usiku. Kisheria, wizi wa usiku ni mzito zaidi.

Hakimu hakuwahi kuwa hakimu. Alikuwa bawabu wa mlango wa mahakama mpaka akastaafu, lakini kesi alizozisikia akiwa kaegemea ule mlango zilimjaa kichwani, jina likamganda, na koti la kazi hakulivua tena.

– Mnasema nyinyi! – akadakia Kiraka, fundi viatu, kutoka kwenye kigoda chake pembeni ya benchi, sindano mkononi. – Nyinyi angalau mmeibiwa. Mimi sikuibiwa hata neno! Nimekaa hapa tangu benchi hili likiwa mbao tupu. Maneno yangu yote mazuri mazuri, mwizi kayaruka! Mwizi gani huyu anaingia nyumbani, anaacha redio, anabeba mafagio?

– Mafagio ni nani? – wakauliza wawili kwa pamoja.

Bi Birika akamimina kahawa, macho kwenye vikombe. Kiraka alikuwamo, jamani, alikuwamo tangu ukurasa wa kwanza, na mistari yake ndiyo iliyomchekesha mtoto alipokuwa akiisema polepole huku akimnyonyesha, maana ndivyo anavyoandika, kila neno alipitishe mdomoni kwanza aone kama mdomo unalikubali. Lakini kiongozi wa kikundi alimwambia, mama, punguza watu, waigizaji sina. Akamwondoa Kiraka huku machozi yakimtoka yeye mwenyewe, na Hakimu na Mshindo akawafanya mtu mmoja, Mzee Ndimi. Na hao wawili alikuwa na sababu nyingine ya kuwachanganya, ambayo hata huyo kiongozi hakuambiwa.

– Hebu nieleze, – Mshindo akampigia goti lake Hakimu, yaani alipiga goti lake mwenyewe lakini macho kwa Hakimu. – Mimi na wewe tumebishana miaka yote hii. Tuliwahi kukubaliana?

– Hatujawahi.

– Hata leo hatukubaliani.

– Hilo nalikataa.

– Umeona! Halafu mtu anakuja anatuchomelea pamoja kama bomba! Mimi ni fundi, nawaambieni, chuma hakishiki na bati!

– Bati ni nani? – Hakimu akasimama.

– Keti, mzee, unamwaga kahawa. Swali ni moja, nani kapeleka maneno yetu kule?

Kiraka akainua sindano kama mwalimu ainuavyo chaki.

– Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

– Mvunguni kumeingiaje hapa?

– Chini ya benchi kuna simu! Imebandikwa! Inanasa maneno, usiku mtu anakuja anaichukua, anaandika.

Wakainama wote watatu, vichwa vikagongana, wakakuta kipande cha waya na ganda la ndizi. Mshindo akasema waya huo ndio ushahidi, kwa sababu nguzo ya umeme iko hatua chache tu, na umeme, kwa taarifa yenu, unasikia, ndiyo maana unakatika watu wakianza kusema mambo ya maana. Maneno yanapanda nguzoni, yanasafiri, yanashukia ukumbini, mwigizaji anayapokea kwenye nyayo.

– Ndiyo maana walikuwa pekupeku jukwaani! – Kiraka akapiga kelele. – Mimi niliona! Nikasema hawa hawana viatu wala fundi!

– Upuuzi, – akasema Hakimu. – Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

– Sasa na hiyo inahusu nini?

– Inahusu kusikilizana. Mchezo hauandikwi na mtu mmoja, akili ya mtu mmoja haiwezi kugombana hivyo. Ni kamati. Mmoja anaandika maswali, mwingine majibu, wamewekwa vyumba mbalimbali, hawaonani. Ndiyo maana watu wa mchezo hawaelewani.

– Hapana, – Mshindo akakata. – Wanaanza na tusi. Wanatafuta tusi tamu, halafu wanazunguka mtaani wakitafuta mtu wa kulivaa. Likikubana, umeingia mchezoni.

– Wanaanza na viti, – akasema Kiraka kwa uchungu. – Wanahesabu viti vilivyopo, basi, hao ndio watu. Changu kilivunjika.

Kikombe kikamponyoka Bi Birika kikabingirika mpaka miguuni kwa Mshindo.

– Wewe Bi Birika, – Mshindo akakiokota, – unakaa hapa kutwa. Hukumwona mtu ameketi anatusikiliza?

– Mimi? Mimi nasikia nini, kaka yangu, mimi na moshi, mtoto analia, sukari haitoshi, maji yanafurika, mimi hata mkinitukana sisikii, naona tu midomo inakwenda, nikadhani mnasali.

Wakacheka. Akacheka nao, jasho likimtiririka mpaka chini ya mbeleko. Moyoni aliomba wachoke, wahamie kwenye mambo ya mpira, bei ya gesi, chochote. Wakijua, benchi hili watalihama, na akibaki na birika mbele ya ukuta mtupu mtoto atakula nini? Lakini si hilo tu. Kulikuwa na jambo moja mle mchezoni ambalo hakuliokota benchini. Aliambiwa peke yake, asubuhi moja mapema, na aliyemwambia alikuwa ameomba kwanza kumpakata mtoto.

– Mimi nataka haki yangu! – Mshindo akasimama. – Huyo Mzee Ndimi agawanywe! Changu nichukue, chake achukue!

– Kisheria inawezekana, – akasema Hakimu, naye kasimama.

– Mimi sina urithi humo, – akasema Kiraka, akaweka kiatu chini, – kwa hiyo nagawa mimi. Mgawaji asiwe na tumbo. Haya. Koti lenye kifungo kimoja?

– Langu, – Hakimu.

– Kupiga goti kila akisema uongo?

– Langu, – Mshindo. – Ila si kila nikisema uongo.

Akapiga goti.

– "Kisheria"?

– Langu.

– Kikohozi cha kumkatisha mwenziwe asiseme?

– Chake!

– Chako!

– Kikohozi nusu kwa nusu. Kunywa kahawa ya jirani akigeuka?

– Yake! – wakasema wote wawili, vidole vikapishana.

Watu wawili watatu waliokuwa wakipita wakasimama kucheka. Kiraka akanogewa. Bi Birika alitaka kusema kahawa imekwisha, akalitikisa birika, likamsaliti kwa mlio wake, bado lilikuwa na kahawa. Alijua kinachofuata. Kiraka alikuwa akigawa kwa mpangilio uleule wa mchezo, na mpangilio huo ameupanga yeye.

– Limebaki lile la mwisho, lililotutoa ukumbini, – akasema Kiraka. – Asubuhi anakwenda anasimama ng'ambo ya geti la shule, anamtazama mjukuu wake akiingia. Hamwiti. Binti yake kamkataza, hataki hata kivuli chake kimguse yule mtoto. Anasimama tu, geti likifungwa anarudi kijiweni, anabishana. Hilo la nani?

Kiraka akawanyooshea sindano, huyu kisha yule.

– Nauliza, hilo la nani? Nani anasimama getini?

– Hilo siyo… – akaanza Mshindo, na mkono ulishakwenda kwenye goti.

Hakupiga. Alikuwa anatazama kikombe cha Hakimu. Kilikuwa kimeinama mkononi mwa mwenyewe, kahawa inamwagikia suruali, inafuka moshi, na mzee hasikii moto, macho yako kwenye lami.

– Siyo jambo la kugawana kwa kelele, – Mshindo akamalizia. – Hilo langu.

– Lako wewe? – Kiraka akashangaa. – Wajukuu zako si wanakupanda kichwani kila jioni?

– Nina binti mwingine.

– Tangu lini?

– Unamjua binti yangu mwingine?

– Simjui.

– Basi kama humjui, utamkanaje? Nimesema langu, liandike kwangu. Umegawa vizuri, sasa shona viatu!

Bi Birika alimtazama Mshindo, nyusi zake zilizoungua, shingo imemvimba kwa hasira isiyokuwa na mwenyewe, akatamani kulia. Alipoandika hakuwahi kumpa mstari mzuri namna ile.

Hapo ndipo dada mmoja aliyekuwa kasimama muda wote, ndara mkononi, kamba imekatika, mguu mmoja kauinua kama kuku, akamsogelea Kiraka.

– Samahani kaka, nilikuja kwa hii kamba, lakini mmenishika masikio. Huyo mzee wa getini, mwisho ikawaje? Mtoto alimwona?

Kiraka akamtazama Mshindo. Mshindo akamtazama Hakimu. Hakimu akaangalia ndani ya kikombe.

– Sisi tulitoka, – akasema Kiraka.

– Kabla haujaisha?

– Hakimu alisimama kwa hasira, kiti kikaanguka. Mshindo naye akasimama, asionekane mpole. Mimi nikawafuata, sikutaka watu wadhani nimependezwa.

– Kwa hiyo hakuna anayejua?

Hakuna. Kiraka alipokea ndara, akaitoboa, akaipitisha kamba, akairudisha. Yule dada akaenda zake. Mshindo akashusha miwani machoni, akaingia karakanani, na punde cheche zikaanza kuruka, kazi ambayo mwenyewe alisema jana ameshaimaliza. Kiraka akakumbuka ana mzigo wa soli sokoni.

Hakimu alibaki. Akarudisha kikombe, hakukiachia.

– Nilikuambia wewe peke yako, – akasema.

– Mzee wangu, nisamehe, naapa, ndiyo maana niliwachanganya, nilikuvisha miwani yake, yeye nikampa koti lako, nikasema mtu akimiminwa ndani ya mwingine haonekani tena, nilisema watu watacheka tu, na pale hawatacheka, watanyamaza, na walinyamaza, nilisikia kwa masikio yangu, lakini sikutaka wewe…

– Mimi nilijiona! – Sauti ya Hakimu ilipanda, ikagonga ukuta, ikarudi chini. – Nimekaa pale, mtoto wa watu kavaa koti langu, anasimama ninavyosimama, mkono nyuma. Nani kakuambia ninasimama mkono nyuma?

– Hakuna. Nilidhani tu.

Mtoto mgongoni akaamka, akachungulia.

– Na mwisho wake uliweka nini?

– Taa zinazimwa.

– Halafu?

– Basi. Zikishazimwa ndio mwisho.

– Huo ni mwisho huo? – Sasa alikuwa na hasira kuliko asubuhi yote. – Mtu kasimama jua na mvua, unamzimia taa? Hata mahakamani, kesi mbovu kuliko zote, mtu haachwi gizani! Anaambiwa nenda, ama baki!

– Sikujua kinachofuata, baba. Hukuniambia.

– Kwa sababu hakikufuata kitu!

Akaketi. Cheche za karakanani zikakatika, zikaanza tena. Alipozungumza alikuwa anamtazama mtoto, si yeye.

– Juzi aligeuka. Wenzake walishaingia. Akaniangalia, akanitolea ulimi. – Mzee akauangalia mtaa kulia na kushoto, kisha akatoa ulimi wake, wote, mpaka kidevuni, kuonyesha. – Hivi. Nami nikamtolea wangu. Akacheka, akakimbilia darasani.

Mkono wa Bi Birika ulikuwa umeshaingia kwenye pindo la kitenge kutafuta kalamu, akashtuka, akautoa mtupu. Hakimu aliuona.

– Andika, – akasema. – Leo wanaigiza tena, watu wa jukwaani wape. Usizime taa mpaka mtoto acheke. Lakini hapa kijiweni, Bi Birika…

– Hapa simwambii mtu mwingine, baba. Naapa kwa huyu mgongoni. Simwambii mtu.