Theluthi ya Mwenzako: Maisha ya Marehemu Marhoon bin Awadh

Kila asubuhi, akisha kusali alfajiri, Marhoon bin Awadh alifunga uzi kwenye kitasa cha mlango wa chumba chake, akaupitisha ukumbini mpaka jikoni, kisha akafumba macho na kuufuata, vidole viwili vikiuzunguka bila kuuvuta. Dada yake Mahfoudha alikuwa akisema, "Nyumba za watu zina panya. Ya kaka yangu ina buibui, tena kipofu." Marehemu alicheka, akafika jikoni, akanywa chai yake. Kesho yake akaufunga tena.

Alizaliwa Malindi, Unguja, tarehe 3 Machi 1954, mtoto wa kwanza wa Awadh bin Saeed na Bi Mwanamize. Mwaka 1964 mama yao alihamia Dar es Salaam na watoto wake wawili, na huko marehemu alisoma mpaka kidato cha nne. Alifika Maskati mwaka 1972 na Kiarabu kilichowachekesha wenye maduka wa Mutrah. Mwaka 1975 aliajiriwa Bandari ya Sultan Qaboos kuwa mzamiaji, akikagua matumbo ya meli na nguzo za gati katika maji machafu ambamo hakuuona hata mkono wake. Mwaka 1979 alimwoa Bakhita binti Amur, wakajaaliwa binti mmoja, Rawya.

Mwaka 1991 alikwenda Florida, Marekani, kusomea uzamiaji wa mapangoni. Baharini, mtu akipata shida hupanda juu. Pangoni juu ni jiwe, na njia ya kutokea ni ile ile ya kuingilia. Alirudi na kanuni ambazo jamaa zake wote walizijua kama wanavyojua kutia udhu. Uzi uanzie kwenye maji ya wazi na usikatike. Yeyote akiinua kidole gumba, wote wanageuka, na hakuna anayeulizwa kwa nini. Hewa hugawanywa mafungu matatu: theluthi ya kuingilia, theluthi ya kutokea, na theluthi ya mwenzako. Wanafunzi wake walifanya mazoezi mwaka mzima, wamefungwa vitambaa machoni, kabla ya kuliona pango.

Wengine walimwona mwoga. Fahd, mwalimu kijana aliyekuwa akitoa cheti cha mapangoni kwa wiki moja, alikuja nyumbani Khuwair ya Kusini mwaka 2000, akanywa kahawa ya Bakhita na kusema, "Ami Marhoon, wewe unafundisha watu kuogopa."

"Nnafundisha watu kurudi."

"Mie wangu kila mtu anajitegemea. Ana mitungi yake, ana akili yake. Hamsubiri mtu, hasubiriwi."

"Na akili ikimruka?"

"Basi hakuwa mzamiaji."

Bakhita aliondoa vikombe kabla kahawa haijesha. Kwa aliyemjua, hayo yalikuwa matusi makubwa.

Alhamisi tarehe 12 Aprili 2001, marehemu alikuwa na wanafunzi wake ufukweni karibu na Yiti, amekwisha kuvaa vifaa. Fahd alitoka katika pango la jirani bila ya mwanafunzi wake, Aws. Alipoulizwa, alisema Aws alikuwa ameinua kidole gumba ndani, naye akamwashiria wasonge mbele, kwani palikuwa pamebaki padogo. Uzi hawakuufunga, pango, alisema, alikuwa akilijua. "Atatoka," akasema. Marehemu alifunga uzi wake kwenye jiwe la nje, akaingia.

Alimkuta Aws ndani kabisa, katika tope lililotibuka, mitungi yake imekaribia kwisha. Akampa hewa, akamwekea vidole vyake kwenye uzi, wakarudi mpaka mdomo wa pango. Lakini wazamiaji waliokaa kina kirefu hawana budi kupanda kwa vituo, wakingoja kila kituo, ama sivyo damu hujaa mapovu yanayoweza kumpoozesha mtu. Kwenye kituo cha mwisho hewa iliyobaki ilimtosha mmoja. Marehemu alimwachia Aws mtungi, akapanda moja kwa moja.

Aws alitoka akitembea. Marhoon hakutembea tena.

Kwa miaka sita aliishi katika kiti cha magurudumu, na kila asubuhi Bakhita alimfungia uzi, akakisukuma kiti mpaka jikoni, marehemu amefumba macho. Figo zilimshinda. Alifariki Jumatatu, tarehe 19 Novemba 2007, akazikwa siku ile ile baada ya sala ya alasiri.

Katika matanga haya imesemwa kuwa ilikuwa kadari. Kadari tunaiamini. Lakini si kadari iliyotoa cheti kwa wiki moja, wala si kadari iliyokiona kidole gumba na kukipuuza. Imesemwa pia, na Fahd ndiye aliyeanza kusema, kuwa mtu wa kanuni alizivunja kanuni zake, akatoa hewa yake kwa mjinga. Aws amekaa mlangoni tangu juzi, akipanga viatu vya wageni. Fahd hajafika. Vyeti bado anatoa.

Marehemu ameacha mke, Bakhita; binti, Rawya; dada, Mahfoudha; na wazamiaji wengi ambao wazee wao hawajawahi kuitwa ufukweni kupokea maiti. Mwenyezi Mungu amrehemu, amkunjulie kaburi lake na amtilie nuru ndani yake.

Rawya, ambaye tangu utotoni aliona haya kumuuliza mtu jambo lolote, aliwahi kumuuliza baba yake swali moja tu kuhusu siku ile. Ilikuwa mwaka jana, jikoni, uzi ukiwa bado haujafunguliwa.

"Baba, kwa nini ulimpa hewa yako?"

Alifumbua macho.

"Haikuwa yangu, mwanangu. Ilikuwa yake. Mie nilimbebea tu."