Chumvi Tuliyompelekea Kokushubira

Mgeni rasmi, Bwana Daktari wa Wilaya,

Shikamoo. Sisi akina mama wa Rugu tunakukaribisha kwa moyo wote. Ngoma hatukupiga, kwa maana msiba wetu haujatimiza mwezi.

KUHUSU SISI

Umoja wetu ulianza mwaka 1952 kwa kusaidiana kuchuma kahawa, kisha tukajipa kazi ya kuwatunza wajawazito. Kwetu mke aliyekaribia kujifungua haendewi mikono mitupu. Hupelekewa chumvi iliyofungwa kwenye jani la mgomba, ale ndizi zake kwa hamu.

MAFANIKIO

Watoto thelathini na wanane wamezaliwa mikononi mwa Mama Eustadia, mkunga wetu. Tungependa risala iishie hapa.

MASIKITIKO

Kokushubira, mke wa Placidius, alivimba miguu, kisha uso. Tukamsifu kwamba amenawiri, tukazidi kumpelekea chumvi. Aliposema kichwa kinampasuka na macho yanaona vimulimuli, Placidius alitaka kumpeleka zahanati ya Kayanga. Mama Eustadia akamzuia mlangoni: "Mwana wange, acha pupa. Huyo ni mtoto wa kiume anamchosha mama yake." Sisi sote tukaitikia.

Siku ya tatu akaanguka kifafa. Machela haikufika hata nusu ya njia. Mtoto naye hakupona.

Muuguzi wa zahanati alitueleza baadaye kwamba damu ilikuwa ikisukuma mishipa kwa nguvu kupita kiasi, na uvimbe ule ulikuwa onyo. Nasi tuliushangilia! Tunaona aibu, Bwana Daktari, na tunaumia. Mama Eustadia hali chumvi tena, na akiitwa kwa mjamzito hutazama miguu kwanza.

MAOMBI

Tunaomba kile kipimo kinachofungwa mkononi kifike Rugu walau mara moja kwa mwezi, na Mama Eustadia afundishwe kukitumia. Tulikuwa na maombi ya paa na ya barabara. Tumeyafuta.

Lipo la leo. Adelgunda, binti wa Mama Eustadia, ana mimba ya miezi minane. Amekaa mstari wa mbele, miguu mitupu, kwa sababu viatu havimwingii tena. Mama yake ndiye anayekusomea risala hii. Mkoba wako tumeuona garini. Chakula kiko tayari, lakini tunakusihi, usiketi mezani kabla hujampima.

Mungu auongoze mkono wako, na akurudishe salama kwa watoto wako.

Ni sisi,
Umoja wa Akina Mama wa Rugu, Karagwe
Februari 1956