Shirleen Kavata Mativo, Aliyeomba Mlango

Shirleen Kavata alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Agosti 2003, hapa Baba Dogo, Nairobi, akiwa mtoto wa pili wa Bwana Mutunga Mativo, dereva wa lori, na Bi. Kamene, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Mwelu. Alizaliwa nyumbani, kabla teksi haijafika, na baba yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu hakuwa na subira tangu siku ya kwanza. Kamati ya mazishi, chini ya mwenyekiti wake Mzee Naftaly, iliomba wasifu huu uanze kwa maneno "Mungu amempenda zaidi." Mama yake alikataa. Alisema, "Mungu hakujenga ule ukuta." Kwa hiyo wasifu huu, unaosomwa na dada yake mkubwa Mwelu, utaeleza pia habari za ukuta. Anayeona kwamba hapa si mahali pa habari hizo na atuvumilie, maana sisi tumevumilia mengi.

Kavata alisoma shule ya msingi papa hapa mtaani, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 2017, kisha akaenda sekondari ya bweni Machakos kuanzia Januari 2018. Mtihani wa kidato cha nne aliufanya Machi 2022, kwa kuwa korona ilikuwa imevuruga kalenda. Septemba mwaka huo alijiunga na chuo kikuu kusomea muziki. Nyumbani maneno yalizuka. Baba alimwambia, "Muziki si kazi, Kavata. Muziki ni Jumapili." Akajibu, "Sawa baba, basi mimi nitafanya kila siku iwe Jumapili." Baba alicheka mpaka akasahau alikuwa anakataza nini, na fomu ikajazwa.

Hakuwahi kuajiriwa, lakini mtu asiseme hakufanya kazi. Mwaka 2020, shule zikiwa zimefungwa, alijiunga na wanawake kumi na mmoja wa ploti zetu walioamua kusafisha jaa la taka lililokuwa kati ya nyumba na kituo cha magari. Walibeba uchafu kwa magunia wiki saba nzima. Chini ya plastiki walikuta udongo, wakapanda sukuma, managu, terere na kunde, na katikati wakaacha njia ya kupita kwenda kituoni, mwendo wa dakika nne. Mbuzi walikuja wakala kila kitu. Wakapanda tena, wakaanza kuomba kila ofisi iwasaidie kuzungusha ua.

Mwaka jana mhadhiri wake aliwataka wanafunzi waandike tafakari kuhusu muziki wa mahali wanapoishi. Wenzake waliandika habari za bendi na studio. Kavata aliandika habari za shamba lile na chakula chake, na daftari tunalo. Ameandika hivi: "Mama Kate akikata sukuma, kisu chake kinakimbia tu, hakipumziki. Mathe wangu akikata, unajua amekosana na mtu. Ukisimama kwa koridoo saa ya kupika, ploti nzima inapiga ngoma na hakuna mtu anajua anapiga." Mahali pengine ameandika ugomvi wa mama yake na jirani huyo huyo, Mama Kate, juu ya githeri yao, mahindi yanayochemshwa na maganda yake, na muthokoi wetu, yale mahindi tunayoyatwanga kwanza yatoke maganda. Mama Kate alisema, "Nyinyi Wakamba mnayavua mahindi ya watu nguo." Mama Mwelu akamjibu, "Afadhali sisi. Nyinyi mnayala na makoti." Kavata aliwarekodi kwa simu bila wao kujua, akawasikilizisha, akawaambia huo ni wimbo kamili, mmoja anaanzisha na mwingine anaitikia. Chini yake ameandika kwamba managu ya kununua hayana wimbo, kwa sababu hujui nani aliyapalilia akiimba nini. Mhadhiri aliandika pembeni, "Endelea."

Hakuolewa. Kijana mmoja wa Komarock, ambaye hatutamtaja kwa kuwa amekuja kutufariji, alituma salamu kwamba anamtaka. Kavata alimwambia, "Kuja Jumamosi kwanza upalilie kunde, tuone mgongo." Kijana alikuja, akapalilia mistari miwili, akakumbuka ana shughuli. Walibaki marafiki.

Sasa ukuta. Jumatatu tarehe 10 Machi 2025, mafundi wanne walishusha mawe kando ya shamba. Nani angeuliza? Tulikuwa tumeomba ua wa kuzuia mbuzi kwa zaidi ya miaka minne, tukajua maombi yamejibiwa. Mama Kate alipiga vigelegele. Wazee husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya tatu tuliwapakulia muthokoi na kunde, na siku ya nne wakaomba nyongeza. Tuliwapikia siku sita. Kavata aliwabebea maji ya kukoroga simiti kabla ya kwenda darasani. Kina mama waliwaimbia wakipandisha mawe, naye akarekodi, na ukisikiliza leo unasikia mwiko wa fundi ukigonga jiwe katikati ya wimbo wa mama yake.

Jumamosi, ukuta ukiwa umepita vichwa vyetu, ndipo Kavata alipomuuliza fundi mkubwa, "Fundi, na mlango mtaweka wapi?"

Fundi alijipangusa mdomo. "Mlango? Siz, mimi sijaambiwa story ya mlango. Uliza mwenye hati."

Mwenye hati ya kiwanja hicho hajaonekana Baba Dogo mpaka leo. Shamba likabaki ndani, sisi tukabaki nje, na ile njia ikabaki ndani pamoja na sukuma. Katika daftari, ukurasa wa siku hiyo una maneno machache: "Tulipika. Tuliimba. Hatukuuliza." Tulifundishwa kwamba tenda wema nenda zako. Tumetenda, na pa kwendea wamepaziba. Tuna hasira na mwenye hati, na tuna hasira na sisi wenyewe, kwa sababu sufuria zilikuwa zetu.

Kavata aliandika barua tatu kwa ofisi tatu. Hakuomba shamba lirudishwe, alijua hilo ni vita vya miaka. Aliomba mlango wa mita moja, ili watu wapite kwenda kituoni bila kuzungukia barabara ya malori, ambako upande mmoja ni ukuta, upande mwingine ni mtaro, na mtu wa miguu hana pa kuweka mguu. Barua ya kwanza ilipigwa muhuri. Ya pili ilirudishwa ili iletwe na nakala. Ya tatu aliipeleka mwenyewe kwa Mheshimiwa wa wadi yetu, ambaye alimwambia, "Wewe msichana una akili sana, tutaliangalia." Mheshimiwa yuko nasi leo, na ndiye aliyetuletea hema hili hapa uwanjani mwa kanisa. Familia inashukuru kwa kivuli.

Kwa kawaida hapa husomwa habari za ugonjwa. Kavata hakuugua. Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, alikuwa akienda darasani kwa barabara ya malori, mvua ikiwa imenyesha na mtaro umefurika. Lori lilikuja kutoka viwandani, na hakuwa na pa kuruka. Dereva, kijana anayeitwa Hanad, hakukimbia. Alimbeba mwenyewe hadi hospitalini, ambako tuliambiwa kwamba alikuwa amekwisha kufariki. Siku ya tatu Hanad alikuja nyumbani na mjomba wake, Mama Mwelu akamshika mkono akamketisha. Baba yake Kavata, ambaye ameendesha lori miaka ishirini na sita, alikwenda mahali pale, akasimama, akapima kwa macho kutoka kona hadi ukutani. Aliporudi alisema, "Hata mimi ningemgonga." Hajala vizuri tangu siku hiyo. Kwa hiyo msituandikie ajali kwenye vitabu vya rambirambi. Ajali haina fundi wala haiombi nyongeza ya kunde.

Kavata ameacha baba yake, Mutunga Mativo. Mama yake, Kamene. Dada yake, Mwelu. Nyanya yake wa Mbooni, Kavata, aliyempa jina na ambaye atampokea jioni ya leo. Wanawake kumi na mmoja wa shamba. Na wanafunzi wenzake, waliokuja na magitaa yao.

Tangazo la mwisho ni la familia, na kamati haikulipitisha. Gari la kwenda Mbooni halitakuja hapa kanisani. Linangoja kituoni. Tutambeba Kavata mabegani, tupite njia yake ya kila asubuhi, ile ya dakika nne. Kila mtu aliye hapa anajua kwamba njia hiyo inaishia ukutani. Tukifika tutalitua jeneza chini. Kina mama wataimba wimbo ule ule waliowaimbia mafundi, kwa sababu ndio aliourekodi na ndio alioupenda. Mheshimiwa, tafadhali tutembee pamoja, uwe mbele. Bwana Mativo amekuja na nyundo kubwa, na wapwa zake wana zao, na tunaomba mtu yeyote asimshike mkono. Ile mita moja aliyoiomba inatosha jeneza, tumepima.

Apumzike kwa amani, akishapita.